Marisau ya chuma: kwa nini huwezi kutoa risasi ukaweka chuma hivi hivi tu

Kila msimu wa bata ukikaribia huko Marekani, wale wanaojaza katriji zao wenyewe gereji wanarudi kwenye swali lilelile: nina mchanganyiko wangu wa marisau ya risasi, nimeutumia miaka, unapiga vizuri, si natoa tu risasi naweka chuma uzito uleule na maisha yanaendelea? Hapana. Na ina sababu zake, ambazo ukishazielewa basi kila kitu kingine kwenye katriji ya chuma kinaanza kueleweka chenyewe, kuanzia ganda mpaka mdomo wa mtutu. Hapa nikisema risasi namaanisha yale madini mazito laini ya kijivu, kile kitu kizima unachokisukumia kwenye shotgani nitakiita katriji, na vile vidude vya mviringo vinavyoruka nitaviita marisau au punje, tusije tukachanganyana.

Niseme mapema pia kwamba sitoi kipimo cha baruti hata kimoja humu, sababu utaiona mbele. Na kama uko Tanzania au Kenya, kutengeneza katriji bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo soma kama mtu anayetaka kujua mambo yanavyofanya kazi. Marekani ndiko hii ni hobi ya kawaida, mtu ananunua praima (kile kidude cha kuwashia baruti), baruti na maganda dukani, anakaa na mashine yake Jumapili jioni.

Chuma chenyewe kimeingiaje kwenye hii stori? Bata hana meno, anameza vijiwe vinakaa kwenye firigisi vinamsagia chakula. Sasa kwenye bwawa ambalo watu wamepiga bunduki miaka na miaka, chini kumejaa punje za risasi, na bata hana namna ya kutofautisha kijiwe na punje. Anaokota, inaingia firigisi, inasagwa, asidi ya tumbo inaiyeyusha kidogokidogo, sumu inaingia kwenye damu, ndege anakonda, mabawa yanalegea, anajificha kwenye matete anafia humo na hakuna anayemwona. Mwaka 1959 mtafiti Frank Bellrose wa Illinois alichapisha kazi ambayo mpaka leo inatajwa, akakadiria kwamba asilimia 2 mpaka 3 ya bata na jamaa zao Amerika Kaskazini walikuwa wanakufa kila mwaka kwa sumu hiyo. Baadaye ikaonekana kwamba hata tai, yule wa kichwa cheupe ambaye ndiye nembo ya nchi yao, anakula bata waliojeruhiwa na sumu inahamia kwake. Watu wakapelekana mahakamani, wawindaji wengi wakapinga kweli kweli wakisema chuma kinajeruhi tu hakiui, lakini serikali ikaanza kuiondoa risasi hatua kwa hatua na kufikia msimu wa 1991 ikawa marufuku nchi nzima kuwindia bata na bata bukini. Canada wakafuata 1999. Denmark walishakwenda mbali zaidi, 1996 walipiga marufuku marisau ya risasi kwa mawindo yote, na Umoja wa Ulaya tangu Februari 2023 hauruhusu kuyapiga kwenye maeneo oevu wala ndani ya mita 100 kutoka hapo.

Na ilisaidia. Utafiti uliofanywa kwenye njia ya Mississippi wanayopitia ndege wanaohama, misimu ya 1996 na 1997 ulikadiria kwamba vifo vya bata aina ya mallard kwa sumu ya risasi vilishuka kwa asilimia 64, na kwamba kwa mwaka 1997 peke yake bata kama milioni 1.4 walinusurika Amerika Kaskazini. Hili linatuhusu hata sisi, maana wapo bata wanaozaliana Ulaya na Siberia halafu baridi ikianza wanateremka mpaka Naivasha na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, na ndiyo maana Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa AEWA, mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, ambao unataka risasi iondolewe kwenye maeneo oevu.

Haya, sasa tuingie kwenye katriji.

Chuma kinatofautiana na risasi kwa mambo mawili makubwa: ni chepesi na ni kigumu. Basi. Karibu kila usumbufu unaousikia kwa watu wanaojaza chuma unatoka kwenye hayo mawili, na mara nyingi yanakubana yote kwa mpigo.

Tuanze na wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi safi ina gramu 11.3 hivi, ya chuma ina 7.9 hivi. Kwa hiyo punje ya chuma yenye ukubwa sawasawa na ya risasi inabeba nguvu kidogo, na kwa kuwa ni nyepesi hewa inaipunguzia mwendo haraka. Dawa ni kuongeza ukubwa wa punje. Wamarekani wana namba zao za ukubwa ambazo zinakwenda kinyumenyume, namba ikipungua punje inakua, na kuna njia rahisi ya kuzisoma: chukua 17 toa namba, unachopata ni kipenyo kwa mia za inchi. Namba 4 ni 0.13, karibu milimita 3.3. Namba 2 ni 0.15, milimita 3.8. Ukipita namba 1 unaingia kwenye herufi, BB ni 0.18, milimita 4.6, hizo ni za bata bukini.

Wazee wa hiyo kazi wanakwambia ukihama kutoka risasi kwenda chuma panda saizi mbili, na hesabu inawakubali. Aunsi moja, yaani gramu 28.35, ya risasi namba 4 ina punje kama 135, kila moja gramu 0.21. Aunsi moja ya chuma namba 2 ina punje kama 125, kila moja gramu 0.23. Unaona zimekaribiana uzito kabisa. Lakini usidhani sasa zimekuwa sawa, kwa sababu ya chuma ni nene zaidi, inasukuma hewa kubwa zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo hata zikitoka mtutuni na mwendo mmoja ya chuma itachoka mapema. Ndiyo maana katriji za chuma zinapigwa kwa kasi kubwa kuliko za risasi, risasi ilikuwa inakwenda fiti 1,200 au 1,300 kwa sekunde watu wanaridhika, chuma unakuta 1,400 mpaka 1,550, yaani mita 427 mpaka 472 kwa sekunde.

Hapa ndipo nafasi inapoanza kuwa ishu. Gramu 35 za chuma zinachukua nafasi karibu mara moja na nusu ya gramu 35 za risasi, na ganda halijarefuka hata kidogo. Unataka punje kubwa, unataka ziwe nyingi, unataka kasi ambayo inahitaji baruti nyingi zaidi, na vyote viingie kwenye kibomba kilekile cha plastiki cha geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) chenye urefu wa milimita 70. Haviingii. Watu wakahamia kwenye ganda la inchi 3, milimita 76, na mwaka 1988 kampuni ya katriji ya Federal na ya bunduki ya Mossberg wakaleta ganda la inchi 3 na nusu, milimita 89, pamoja na bunduki yake, na chanzo chake ni chuma tu, wakati wa risasi nani angehangaika na dude refu hivyo.

Ugumu ndio unaumiza zaidi kwa mtu anayejaza mwenyewe, kwa sababu ugumu hauuoni. Risasi ni laini. Baruti inapowaka na kusukuma kutoka nyuma, ule mrundo wa marisau unabonyea kidogo, punje zinajipangapanga, zile za nyuma zinalalia upande, na kwenye wadi ya risasi, ile plastiki inayobeba marisau, chini yake kuna vijimguu vimetengenezwa makusudi vijikunje. Hayo yote yanaipa gesi nafasi ya kupanuka kabla mzigo haujaanza kutembea vizuri, na presha inapanda taratibu. Chuma hakibonyei. Punje zinashikana, mrundo mzima unakuwa kama nguzo ya zege, na gesi inajikuta imefungiwa chumba kidogo. Kama baruti ni ya kuwaka haraka, ile iliyokuwa salama na risasi, presha inaruka juu kabla mzigo haujasogea. Na mipaka yenyewe haiko mbali: SAAMI, chombo cha viwango cha viwanda vya silaha Marekani, wameweka psi 11,500 (psi ni kipimo cha presha, ratili kwa inchi ya mraba) kwa katriji za geji 12 za inchi 2¾ na inchi 3, zile za inchi 3 na nusu zimepewa 14,000. Ulaya wana CIP, chombo chao cha viwango, wao wanapima presha kwa bar, na wanasema bar 740 kwa chuma cha kawaida na bar 1,050 kwa kile cha nguvu, na cha nguvu kinapigwa tu kwenye bunduki iliyojaribiwa kwa bar 1,320 na kugongwa alama ya ua la yungiyungi.

Kwa hiyo baruti. Chuma kinataka baruti ya kuwaka polepole, inayosukuma kwa muda mrefu badala ya kugonga mara moja. Wapo waliotengeneza baruti mahsusi kwa kazi hii, Alliant waliuza moja waliyoiita Steel moja kwa moja ili mtu asipotee. Lakini baruti ya polepole nayo ina tabia zake. Kwanza unahitaji nyingi kupata kasi, kwa hiyo inakula ile nafasi ambayo tayari huna. Pili, na hili watu wanalisahau, baruti ya polepole haiwaki vizuri isipokutana na upinzani, inataka mzigo mzito juu yake, inataka mdomo wa ganda uliokunjwa kwa nguvu, inataka praima yenye moto mkali, ukiipunguzia kimoja kati ya hivyo inawaka nusunusu. Sasa kumbuka bata wa Marekani wanawindwa Novemba, Desemba, Januari, mtu yuko kwenye maji ya Minnesota au Arkansas alfajiri, katriji imelala kwenye baridi usiku kucha, na baridi inapunguza presha. Unafyatua unasikia "bup" ya kinyonge, punje zinadondoka mbele ya mtumbwi, na wadi inaweza kubaki imekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine juu yake bila kuangalia, mtutu unapasuka. Kwa hiyo yule anayejisemea "naweka baruti kidogo kuliko waliyoandika ili niwe salama" anajitafutia matatizo ya upande wa pili. Ukiona mlio haukuwa wa kawaida fungua bunduki, toa katriji zote, chungulia mtutu. Kila mara, hata kama bata wanapita juu ya kichwa.

Praima zinachekesha kwa sababu kwa macho zote zinafanana. Zinaitwa 209, zinaingia kwenye tundu moja, kidude kidogo kama kofia ya shaba au nikeli, mtu anajiuliza zitatofautiana nini. Zinatofautiana sana. Federal 209A inajulikana kwa moto mkali, CCI 209M nayo ni ya moto, nyingine kama Winchester 209, Fiocchi 616, Cheddite CX2000 kila moja ina tabia yake, na kubadilisha praima peke yake huku kila kitu kingine kimebaki vilevile kunaweza kusogeza presha kwa maelfu ya psi. Mtu aliyekuwa chini ya mpaka kidogo tu ameshauvuka na hajui. Halafu kuna kitu kingine kidogo lakini cha kuudhi, praima za Fiocchi na Cheddite ni nene kwa nywele tu kuliko za Kimarekani, ukishaziingiza kwenye ganda tundu linapanuka, ukija kurudisha ya Kimarekani inalegea, gesi inavuja nyuma. Wenye uzoefu ganda lililoanza na Cheddite linabaki na Cheddite mpaka linatupwa.

Ganda lenyewe sasa. Kwa nje geji 12 ni geji 12, lakini ukiyakata katikati kwa kisu, na mimi nashauri kila anayeanza akate machache aone, ndani ni mambo tofauti kabisa. Kuna maganda yenye kuta zilizonyooka kutoka juu mpaka chini, mfano Cheddite na Fiocchi, na kuna yaliyofinywa kwa kipande kimoja cha plastiki, yanajibana kadiri unavyoshuka, kama yale ya Remington STS ambayo wapiga visahani, wale wanaolenga visahani vinavyorushwa hewani, wanayapenda sana kwa risasi kwa sababu yanadumu. Wadi za chuma nyingi zimenyooka na kuta zake ni nene, ukiisukuma kwenye ganda linalojibana inakataa kushuka au inashuka imejikunja na haizibi gesi. Na pale chini kuna kitako cha ndani, kingine kirefu kingine kifupi, na urefu wa kile kitako ndio unaoamua baruti ina chumba kikubwa kiasi gani. Chumba kidogo, presha kubwa. Kwa hiyo "ganda la inchi 3" kwenye kitabu cha resipi, yaani vipimo vya kujazia katriji, halina maana yoyote bila jina la aliyelitengeneza na aina yake. Rangi ndiyo kabisa usiitegemee, kiwanda kinabadilisha rangi wakati wowote kinapotaka, na kuna makampuni yananunua maganda matupu kwa mwingine yanagonga jina lao.

Wadi ndiyo roho ya katriji ya chuma, mtu akiniuliza asibanie pesa wapi nitamwambia hapo. Wadi ya risasi ina kuta nyembamba kwa sababu risasi hata ikigusa mtutu ni laini, inaacha uchafu tu. Chuma kikitoboa ukuta wa wadi kinachora mtutu kwa ndani, mistari mirefu ambayo haifutiki. Kwa hiyo wadi ya chuma inatengenezwa kwa plastiki ngumu na nene, kikombe chake ni kirefu kiasi kwamba hakuna hata punje moja inayochungulia nje ya ukingo, na vile vijimguu vya kujikunja chini yake havipo, nafasi hamna. Chini ina kizibo cha gesi tu. Unaona tena mambo yanavyoshikana, plastiki nene inakula nafasi, kukosa vijimguu kunapandisha presha, presha inakurudisha kwenye baruti.

Wadi nyingi za chuma zinauzwa kikombe hakijachanwa, ukikichana wewe mwenyewe idadi ya michano na urefu wake vinabadilisha jinsi marisau yanavyosambaa. Michano mirefu, kikombe kinafunguka mapema na kubaki nyuma, punje zinaenda zake. Michano mifupi, kikombe kinakwenda na punje mbali zaidi kabla hakijaachia. Kikombe ambacho hakijachanwa kabisa ni hatari, kinaweza kwenda na mzigo wote umefungwa pamoja, mbali kuliko mtu alivyotegemea, na nyuma ya bata kuna watu wengine kwenye maboti yao.

Kuna watu wanaweka karatasi ya plastiki ngumu kuzungukia ndani ya kikombe kama kinga ya pili, hasa kwa punje kubwa za BB na kuendelea. Sawa, ila ujue na hiyo ni kiungo, nayo inabadilisha mambo.

Halafu marisau yenyewe. Yale ya dukani yanayoitwa chuma ni chuma laini kilichochomwa na kupoozwa taratibu ili kipunguze ugumu, na hata hivyo bado ni kigumu mara kadhaa kuliko risasi. Kila mwaka anatokea mtu anayesema mbona gololi za beringi ni rahisi na ni duara safi. Gololi za beringi zimekomazwa makusudi ziwe ngumu kuliko mtutu wako, usiguse. Kingine cha kuangalia ni kutu, kwa sababu chuma ni chuma na mwindaji wa bata yuko majini, na kwenye mabwawa ya pwani ni maji ya chumvi kabisa. Unyevu ukiingia ndani punje zinashikana zinakuwa bonge moja. Kwa hiyo wananunua yaliyopakwa zinki au shaba, wanadondoshea nta kidogo pale ganda lilipokunjwa, na kuzunguka praima wanapaka rangi ya kucha, ile ile ya dada zetu, inafanya kazi vizuri ajabu.

Hata kuyapima ni kazi. Risasi inateleza kwenye mashine, punje ikibanwa na kipimo inakatika au inabonyea mambo yanaendelea. Chuma hakikatiki, kinakwamisha mashine, kinajenga daraja kwenye bomba la kumiminia na ganda linapata nusu mzigo bila wewe kujua. Ndiyo maana wengi wanapima kila mzigo kwenye mzani, na kwa punje kubwa kama BB, ambapo aunsi moja ni punje kama 72 tu, wapo wanaohesabu moja moja. Baruti nayo kwa chuma inapimwa kwenye mzani, kila ganda, wale waliozoea kumiminia kwa kipimo cha ujazo kama kwenye katriji za visahani inabidi waache huo mwendo. Wanatumia greni, 7,000 zinatengeneza ratili moja, sasa piga hesabu greni moja ni udogo gani na bado inahesabika.

Ukiunganisha yote haya unaelewa kwa nini sikutoa kipimo. Ganda, praima, baruti, wadi, uzito wa marisau, vinakwenda kama furushi moja lililopimwa maabara kwa vifaa vya presha, na ukibadilisha kimoja una furushi jingine ambalo hakuna aliyelipima. Kwenye raifo mtu aliyezoea anaweza kuangalia kitako cha katriji akaona dalili kwamba presha imezidi. Kwenye shotgani dalili za kuaminika hakuna, katriji iliyopitisha psi elfu kadhaa inaweza kutoka inapendeza kabisa. Resipi zinatoka kwa watengeneza baruti na kwa maduka yanayolipia vipimo vya maabara, na nyingi utakuta zina wadi moja, ganda moja, praima moja, basi. Kama praima hiyo haipatikani, na miaka ya 2020 mpaka 2022 praima zilikuwa adimu Marekani nzima, unatafuta resipi nyingine iliyopimwa na praima uliyonayo. Hulazimishi. Na resipi ya risasi haigeuzwi kuwa ya chuma kwa hesabu yoyote ile, hata mtu akuletee fomula nzuri namna gani.

Kuhusu kasi nina maoni yangu. Tangu chuma kianze kumekuwa na mashindano, huyu anaandika 1,500 kwenye boksi, yule 1,600, yule 1,700, na wanaojaza nyumbani wameambukizwa. Ukiongeza kasi bila kuongeza nafasi lazima upunguze marisau, punje zinakuwa chache, bega linaumia, na punje nyepesi inayoanza kwa kasi sana ndiyo inayopoteza kasi nyingi zaidi mita za mwanzo. Mimi ningechukua fiti 1,400 na kitu na punje za kutosha, halafu pesa na muda uliobaki upeleke kwenye karatasi. Yaani weka karatasi kubwa yadi 40, chora duara la inchi 30, piga, hesabu matundu. Katriji yenye namba nzuri kwenye daftari inaweza kutoa duara lenye mashimo bata anapita katikati, na nyingine ya kasi ya kawaida ikajaza vizuri.

Hapo kwenye karatasi ndipo utaona pia mambo ya choki, ule mdomo wa mtutu unaobanwa kidogo. Kwa kuwa punje za chuma hazibonyei zinabaki duara, zinaruka zimenyooka, na kundi linabaki limekaza. Choki ya modifaidi, ile inayobana wastani, na chuma inatoa kundi ambalo kwa risasi ungelitegemea kwenye fuli, ile inayobana zaidi. Ukiweka fuli na chuma hupati faida, unaweza kupata uvimbe kama pete karibu na mdomo wa mtutu kwa sababu zile punje hazikubali kubanwa zipite. CIP wanasema punje za chuma zinazozidi milimita 4 zisipigwe kwenye choki iliyobana kuliko nusu. Na bunduki ya babu, zile za mitutu myembamba ya zamani au ya chuma kilichosokotwa, iache ukutani, au itafutie marisau ya bismathi, madini laini kuliko chuma.

Ndiyo, kuna bismathi, na kuna tangsteni, na hapa ndipo kujaza nyumbani kunapoleta maana kipesa. Ukweli ni kwamba katriji za chuma za kiwandani zimekuwa za bei nafuu kiasi kwamba mtu anayejaza chuma ili aokoe hela haokoi kitu cha maana, anajaza kwa sababu anataka saizi fulani au mchanganyiko fulani usiouzwa, au kwa sababu anapenda tu. Bismathi ina gramu 9.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, iko katikati ya chuma na risasi, ni laini, bunduki za zamani zinaivumilia, ila inavunjikavunjika na bei yake imechangamka. Ile tangsteni nzito wanayoiita TSS ina gramu 18 hivi, nzito kuliko risasi yenyewe, kwa hiyo unatumia punje ndogo kabisa, namba 9, na bado zinafika mbali. Lakini ni ngumu kuliko chuma, wadi yake lazima iwe na kinga ya uhakika, na bei yake kwa ratili mtu akikutajia unakaa chini. Kila moja ina resipi zake, na hazibadilishani na za chuma.

Kwa anayewinda huko Marekani kuna hili la kisheria pia. Sheria ya shirikisho haikuzuii kupiga marisau ya risasi tu, inakuzuia hata kuwa nayo unapowinda bata, kwa hiyo katriji moja ya zamani ya kware iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti ni kosa tayari. Afisa wa wanyamapori akikusimamisha kwenye boti anaweza kutoa sumaku na kuigusisha kwenye katriji zako, chuma kinashika, risasi haishiki, bismathi nayo haishiki na hapo ndipo maswali yanapoanza kama katriji zako za nyumbani hazina maandishi. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila ganda ni nini kiko ndani, saizi gani, umejaza lini. Na bata ukimpika mwambie kila aliye mezani atafune polepole, punje ya chuma haibonyei hata kwenye jino.